Landi Ikilia Huko Mbele

Shosho wangu hajawahi kushika usukani maishani, lakini Land Rover anaijua kwa masikio. Anasema kabla taa hazijaonekana kwenye kona, mlio ulikuwa umeshafika, na kila boma lililokuwa na mtungi wa chang'aa lilipata dakika tano za kazi ya haraka. Hakuwa anatia chumvi. Hadi Series III ilipotoka mwaka 1971, giya ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkromeshi. Dereva anayepanda mlima alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kupiga resi katikati, kijiji kizima kikimsikia. Polisi walikuja na kengele yao wenyewe.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea historia. Tulifundishwa kuhusu vyanzo vya maandishi na vyanzo vya simulizi. Hakuna aliyetaja mlio. Lakini ukikaa siku mbili tatu kwenye gereji za nyuma ya Gakoromone, pale magunia ya viazi kutoka Kibirichia yanaposhushwa, utaona kwamba historia ya gari hili hapa Meru ni historia ya watu wanaosikiliza. Kwanza walisikiliza wale waliokuwa wakikimbia, halafu wakaja wale wanaolitengeneza.

Mengine yako kwenye vitabu, basi niyapitie haraka. Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ililengwa kwa wakulima. Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952, ilikuwa tayari gari la DC na askari. Uhuru ulipokuja ikabadilisha bendera, si kazi. Miaka ya 70 zikaanza kuunganishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Leyland pale Thika. Na serikali ilipozichoka, zenye namba za GK zilienda mnadani, zikanunuliwa na watu wa ndizi, viazi na miraa.

Shika hilo la aluminiamu. Bodi haili kutu, kwa hivyo gari halionekani kuzeeka. Linalozeeka ni chuma cha chini: springi, pini, krosi, beringi. Ndiyo maana Landi ya miaka hamsini inakuja gerejini ikiwa na sura nzuri tu, lakini mbele inalia kama jiko la vyombo.

Fundi ninayemtembelea hataki jina lake liandikwe mahali KRA wanaweza kusoma. Tumwite Mzee, vile kila mtu humwita. Dereva akifika, Mzee haendi chini ya gari. Anauliza. Inalia ukikunja ama ukinyoosha? Ukishika breki inanyamaza? Inafuata mwendo ama inafuata giya? Halafu anapanda juu ya madigadi, ambayo kwa Series ni bapa kama meza, analala kifudifudi kichwa kikiwa upande wa gurudumu, na kusema, "Haya kijana, twende polepole." Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani ni mchezo.

Tak-tak-tak inayotoka usukani ukikunjwa hadi mwisho, ekseli ya mbele ikiwa inavuta, ni krosi iliyo ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Krosi ikiwa imenyooka haina maneno. Ikipinda, gurudumu linakimbia kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili kila mzunguko, na krosi iliyolika inagonga. Mvumo unaokua na mwendo bila kujali giya, hiyo kwa kawaida ni beringi ya gurudumu. Kishindo kimoja kizito ukiondoka na kingine ukisimama, anaangalia bushi za springi.

Shida ni kwamba beringi iliyolegea na pini za tufe zilizolegea zinatikisa usukani kwa namna moja, na hapa ndipo pesa ya watu hupotea. Kwa hivyo gari linapigwa jeki. Mzee anashika gurudumu juu na chini, anatikisa. Likicheza, mwanafunzi wake anaingia ndani na kukanyaga breki. Mchezo ukiisha, ni beringi, maana breki imelishikanisha gurudumu na kile chuma kinachobeba beringi. Usipoisha, shida iko ndani zaidi, kwa pini. Na pini ya juu imewekewa vipande vyembamba vya chuma, shimu. Mara nyingi ukitoa kimoja inakaza, na kazi imeisha. Mwenye gari akienda kwa fundi wa kubahatisha atanunua beringi mbili mpya na kurudi barabarani na mtikiso ule ule. Kwa mama anayelitegemea gari hilo kufikisha viazi sokoni, hiyo ni faida ya wiki nzima imeenda.

Mzee alijifunza kwenye gereji ya Mhindi, miaka ya 70, akiwa spana boi. Gereji za ukoloni zilipangwa kwa rangi: Mzungu msimamizi, Mhindi fundi, Mwafrika wa kupokeza spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mpango huo haukuisha siku bendera ilipopanda. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kiingereza na kilikaa ofisini. Aliyetaka kujua alitazama mikono ya mwenzake na kutega sikio. Hata maneno yanakumbuka msafara huo: gari ni neno la Kihindi, spana la Kiingereza, usukani tuliupata kwa Waarabu, ukiwa bado wa jahazi.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, ile iliyoeneza jina "sekta isiyo rasmi". Jina hilo hunikera. Linamtaja mtu kwa kile asichokuwa nacho. Jua kali angalau inasema ukweli kuhusu kichwa chako saa saba mchana. Mzee mwenyewe ana cheti kimoja tu, Grade III ya trade test, kimekunjwa ndani ya Biblia. Mwanafunzi wake ana diploma ya magari. Anajua kutumia ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, lakini Landi ya 1974 haina mahali pa kuichomeka. Kwa hivyo amelala kwenye madigadi ya upande wa pili, akingoja kusikia kile Mzee anasikia. Nilimuuliza amefika wapi. "Mvumo naupata," aliniambia. "Pini bado."

Kuna mlio mmoja ambao si ugonjwa. Series haina difu ya katikati. Ukiweka ekseli ya mbele ivute pamoja na ya nyuma kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele yanataka kwenda umbali mrefu zaidi kwenye kona na hayana ruhusa. Usukani unakuwa mzito, matairi yanalia, kitu kinaguna chini. Kwenye matope hutasikia lolote, maana matairi yanateleza na kujitafutia nafasi. Lami ilipofika, gari likaanza kulia likiwa zima kabisa.

Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010. Siku hizi madereva wa huko juu humtumia Mzee mlio wenyewe kwa WhatsApp, sekunde ishirini za upepo na kuguna. Anaweka simu sikioni, anafunga macho. Jumanne moja nilikuwepo alipojibu. Alimwambia dereva asimame, avute gia nyekundu nyuma kabisa, kisha airudishe mbele, na atazame kama kile kichwa cha njano kimeruka juu.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi hivi. Kimeruka. Dereva aliuliza atume pesa ngapi. Mzee akasema atume ya chai.