Matatizo ya kuwasha kompyuta yenye mifumo endeshi miwili

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili ni ile iliyosakinishwa mifumo miwili katika diski zake, kwa mfano Windows na Linux, ili mtumiaji achague mmoja kila anapoiwasha. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja: ukiwaka mmoja, mwingine umelala. Mpangilio huu hutumiwa na wanafunzi wa kompyuta, waandishi wa programu, na watu wenye mashine za zamani. Idadi ya hao wa mwisho ina sababu ya kuongezeka, kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11.

Matatizo ya kuwasha hutokea mara tu mfumo wa pili unaposakinishwa, au miezi kadhaa baadaye mmoja wao unaposasishwa. Dalili ya kawaida ni kwamba mfumo mmoja hauonekani tena. Katika hali nyingi mfumo huo bado upo diskini pamoja na faili zote za mwenyewe. Kilichopotea ni njia ya kuufikia tu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mara nyingi faili hazipotei kwa kosa lenyewe bali kwa tiba yake. Mtu hudhani mfumo umefutika, yeye au fundi husakinisha upya diski nzima, na hapo ndipo picha, tasnifu na hesabu za duka hufutika kweli.

Jinsi kompyuta inavyowaka

Umeme unapofika, kompyuta haijui chochote kuhusu Windows wala Linux. Inayoamka kwanza ni programu dhibiti, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama. Hiyo hukagua vifaa, kisha hutafuta diskini programu ya kuanzishia na kuikabidhi kazi. Programu ya kuanzishia ndiyo inayopakia mfumo endeshi kwenye kumbukumbu. Linux kwa kawaida hutumia GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Windows ina yake, iitwayo Windows Boot Manager. GRUB inaweza kuonyesha orodha ya mifumo yote na kuipisha Windows. Ile ya Windows haina desturi ya kuiorodhesha Linux.

Kompyuta za zamani, tangu ile PC ya IBM ya mwaka 1981, zilitumia programu dhibiti ya BIOS. Katika utaratibu wake uliozoeleka, BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni nafasi ya msimbo wa kuanzishia, 64 zinazofuata ni jedwali la vigawanyo (yaani sehemu ambamo diski imegawanywa, kama vyumba vya nyumba moja), na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho. Kiti ni kimoja, na anayekuja mwisho humwondoa aliyekikalia. Hapa ndipo ilipotoka kanuni ya kusakinisha Windows kwanza na Linux baadaye: Windows huandika msimbo wake bila kuuliza, ilhali programu za kusakinisha Linux huitafuta Windows na kuitia katika orodha.

Kompyuta za leo hutumia UEFI, ambayo kanuni zake zimesimamiwa na UEFI Forum tangu mwaka 2005 na ambayo ilienea sana ilipotoka Windows 8 mwaka 2012. Kwa UEFI, diski huwa na kigawanyo kidogo cha aina ya FAT32, kiitwacho kigawanyo cha EFI. Ndani yake kila mfumo una folda yake: Windows ina folda ya Microsoft, Ubuntu ina folda ya ubuntu, na kadhalika. Ubao mama hutunza orodha ya programu hizo na zamu zake. Kwa hiyo katika mashine mpya mfumo mmoja kwa kawaida haufuti programu ya mwenzake. Huichukua tu zamu ya kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Hatua ya kwanza si kutengeneza bali kuokoa. Matoleo mengi ya Linux, Ubuntu na Linux Mint yakiwemo, huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Humo mtumiaji hufungua diski ya kompyuta, huangalia kama faili zake zipo, na kuzinakili kwenye diski ya nje. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, diski haitafunguka bila ufunguo wake.

Halafu inafaa kujua kama mashine inawaka kwa BIOS au kwa UEFI, maana tiba ya moja haifai kwa nyingine. Katika Linux, folda /sys/firmware/efi ikiwepo, mfumo umewashwa kwa UEFI. Katika Windows, programu ya msinfo32 huonyesha jambo hilo kwenye mstari wa BIOS Mode.

Mfumo mmoja kutoonekana

Katika kompyuta za UEFI, jaribio la kwanza halihitaji amri yoyote. Mara tu baada ya kuwasha hubonyezwa kitufe cha kufungulia orodha ya kuwashia. Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP nyingi F9. Kama majina ya mifumo yote miwili yapo kwenye orodha hiyo, na kila mmoja unawaka ukichaguliwa, hakuna kilichoharibika isipokuwa zamu.

Windows ikitangulia na GRUB isionekane, zamu hurekebishwa ndani ya mipangilio ya programu dhibiti kwa kupandisha jina la Linux juu. Linux yenyewe inaweza kufanya hivyo kwa amri ya sudo efibootmgr, ambayo huonyesha namba ya kila programu. Kama Linux ni 0002 na Windows ni 0000, amri ya sudo efibootmgr -o 0002,0000 huitanguliza Linux. Jina la Linux likiwa limetoweka kabisa katika orodha, huwashwa flashi ya Linux na kurudisha GRUB, ama kwa amri ya grub-install au kwa programu ya Boot-Repair, ambayo humfaa asiyezoea amri.

Hali ya kinyume ni GRUB kuonekana bila Windows ndani yake. Sababu yake mara nyingi ni uamuzi wa watengenezaji wa GRUB. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, programu ya os-prober, inayotafuta mifumo mingine diskini, imezimwa isipowashwa kwa makusudi, kwa hoja za usalama. Uamuzi huo una mantiki yake, lakini umewatia hofu watu wengi waliodhani Windows yao imekwenda. Faili ya /etc/default/grub hufunguliwa, huongezwa mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha katika Ubuntu au Debian hutolewa amri ya sudo update-grub. Amri hiyo ikitaja Windows Boot Manager katika majibu yake, kazi imekwisha.

Kuna pia kosa linalofanyika wakati wa kusakinisha na kugunduliwa baadaye: Windows imewekwa kwa UEFI, na Linux kwa mtindo wa BIOS. GRUB ya mtindo mmoja haiwezi kuiita Windows ya mtindo mwingine, hata os-prober iwashwe mara kumi. Chanzo ni flashi ya kusakinishia. Katika orodha ya kuwashia, flashi hiyo hiyo huweza kutokea mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina lake na mara moja bila neno hilo, na mtumiaji huchagua yoyote. Si lazima kusakinisha Linux upya. Flashi huwashwa kwa UEFI na GRUB kurudishwa kwa mtindo huo.

Skrini ya grub rescue

Kosa hili humpata anayeamua kuachana na Linux. Akiwa ndani ya Windows hufuta vigawanyo vya Linux ili apate nafasi, na siku hiyo kila kitu huonekana sawa. Akiwasha tena hukuta skrini nyeusi yenye maneno grub rescue> au grub>, na mshale unaomsubiri aandike jambo. Kilichotokea ni kwamba kipande cha kwanza cha GRUB kilikuwa nje ya vigawanyo vilivyofutwa, kwenye sekta ya kwanza au kwenye kigawanyo cha EFI, lakini faili kinazozihitaji zimeondoka. Windows haijaguswa.

Kwa UEFI, mtumiaji huchagua Windows Boot Manager kwenye orodha ya kuwashia na Windows huwaka kama kawaida. Kwa BIOS, huwashwa flashi ya kusakinishia Windows, huchaguliwa sehemu ya kurekebisha badala ya kusakinisha, kisha dirisha la amri, na kuandikwa bootrec /fixmbr. Katika mashine ya UEFI amri hiyo haisaidii. Kama faili za kuanzishia za Windows zenyewe ndizo zilizoharibika, hutumiwa bcdboot C:\Windows. Tahadhari moja: katika mazingira ya kurekebishia, herufi ya diski huweza kubadilika, na iliyokuwa C ikawa D. Amri ya dir C:\ huonyesha kama folda ya Windows ipo hapo kweli.

Kama kigawanyo kilifutwa kwa makosa na bado kinahitajika, diski isiandikwe kitu chochote kipya. Kufuta kigawanyo huondoa kumbukumbu yake kwenye jedwali tu. Yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe juu. Programu huria ya TestDisk, iliyotungwa na Christophe Grenier, huweza kutafuta mipaka ya zamani na kuirudisha.

Kufuli za usalama

Secure Boot ni utaratibu wa UEFI unaokataa programu ya kuanzishia isiyo na sahihi inayotambulika. Ubuntu, Fedora na Debian hupita kwa kutumia programu ndogo iitwayo shim, ambayo imetiwa sahihi na Microsoft. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows liliongeza katika ubao mama orodha ya matoleo ya zamani yaliyopigwa marufuku, kwa ajili ya kuziba udhaifu wa GRUB. Microsoft ilikuwa imesema kwamba sasisho hilo halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili; hata hivyo lilizigusa baadhi, na Linux zikakataa kuwaka zikitoa ujumbe wa kushindwa kuhakiki data ya SBAT. Waathirika walilazimika kuzima Secure Boot, kuwasha Linux, kutoa amri ya sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuanzisha kompyuta upya, kisha kurudisha Secure Boot baada ya kusasisha Linux yenyewe.

BitLocker ni hatari zaidi, kwa sababu mtumiaji huweza asijue kwamba ipo. Kompyuta nyingi mpya huja diski yake ikiwa imefungwa tayari. Secure Boot au zamu ya kuwasha ikibadilishwa, BitLocker hushuku kwamba mashine imeingiliwa, na Windows hudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukikosekana kote, hakuna fundi awezaye kuzifungua faili hizo. Kwa sababu hiyo ufunguo hutafutwa na kuandikwa pembeni kabla ya kuanza kusakinisha, si baada ya skrini ya buluu kutokea.

Saa na faili zisizoandikika

Mifumo yote miwili inaweza kuwaka vizuri na bado ikagombana. Linux huitunza saa ya ubao mama kwa saa ya kimataifa, kisha huongeza tofauti ya mahali. Windows huichukua saa ya ubao mama kuwa ndiyo saa ya mahali. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Kwa hiyo anayetoka Linux saa sita mchana na kuingia Windows hukuta imeandikwa saa tatu asubuhi, mpaka intaneti isahihishe. Akirudi Linux baada ya Windows kusahihishwa, huweza kukuta saa tisa alasiri. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo tofauti ni saa mbili. Rahisi ni kuifanya Linux ifuate desturi ya Windows kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1. Saa ikikosewa, tovuti za benki na nyinginezo huweza kukataa kufunguka, na wengi hulaumu mtandao.

Ugomvi mwingine hutokana na Fast Startup, iliyoanza na Windows 8. Windows inapozimwa kwa njia hiyo haizimiki kabisa; huhifadhi sehemu ya hali yake diskini ili iwake upesi. Linux ikikuta diski katika hali hiyo huruhusu kusoma tu, si kuandika. Kuilazimisha iandike kunaweza kuharibu faili. Fast Startup huzimwa katika mipangilio ya umeme ya Windows, au kwa amri ya powercfg /h off inayotolewa na msimamizi wa mashine.

Diski kutoonekana wakati wa kusakinisha

Baadhi ya kompyuta ndogo hutoka kiwandani diski ikiwa chini ya usimamizi wa Intel RST, na kisakinishaji cha Linux huweza kusema hakuna diski. Hapo huhitajika kubadili mpangilio kwenda AHCI. Ukibadilishwa ghafla, Windows hushindwa kuwaka. Huepukwa kwa kuitayarisha Windows iwake katika hali salama kwa amri ya bcdedit /set safeboot minimal, kubadili mpangilio, kuiwasha mara moja, kisha kuiondoa amri hiyo kwa bcdedit /deletevalue safeboot.

Njia nyingine

Wenye nafasi ya diski mbili huweka kila mfumo katika diski yake pamoja na kigawanyo chake cha EFI, na wengine huchomoa ile ya Windows wakati wa kusakinisha Linux. Anayehitaji Linux kwa masomo tu anaweza kutumia kompyuta pepe ya VirtualBox ndani ya Windows, ikiwa mashine ina kumbukumbu ya kutosha. Hapo zamu ya kuwasha haiguswi kabisa.