Nduguye na Nduguze

Waandikao Kiingereza mitandaoni humfupisha mama mkwe akawa MIL, herufi tatu zisizomwambia mgeni kitu. Mtu wa Vitongoji, Pemba, akituma ujumbe kwa simu ana mkato wa kale zaidi: mke wake ni mkewe, mume wako ni mumeo, mwana wangu ni mwanangu. Kimilikishi hukatwa kikaungana na jina, maana isipungue. Hata wingi hubaki: nduguye ni mmoja, nduguze ni wengi. Katika usemi wa kila siku mkato huu hupenda jamaa na wenzi. Kalamu yake haiwi kalamuye, isipokuwa kwa mshairi anayetafuta mizani. Basi uandike neno moja, bila kistari wala nafasi.