Bonge la Damu Lililosingiziwa

Pierre Rayer, daktari wa hospitali ya La Charité mjini Paris, alitoa kitabu chake kikubwa cha maradhi ya figo kati ya 1837 na 1841. Humo alieleza kuhusu wagonjwa waliovimba mwili na kukojoa protini, ambao vena ya figo, mshipa unaoitoa damu kwenye figo, ilikutwa imezibwa na bonge la damu.

Waliomfuata waliona kesi imekwisha. Bonge huziba njia, damu hurundikana ndani ya figo, protini huvuja. Hoja hiyo iliingia akilini mno, ndiyo maana ikadumu zaidi ya miaka 100.

Ushahidi wa kuipinga ulikuwa mgumu kupatikana, kwa kuwa vena hizo zilionekana hasa maiti ilipopasuliwa. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 Iversen na Brun, wa Copenhagen, walieleza namna ya kuchukua kipande cha figo cha mtu aliye hai kwa sindano. Mwaka 1953 Sven Ivar Seldinger wa Sweden alibuni njia salama ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mishipa. Sasa dawa ya rangi iliweza kumiminwa hadi kwenye vena ya figo, na bonge likaonekana kwenye picha ya eksirei.

Kumbe wengi walikuwa na ugonjwa wa chujio za figo kabla damu haijaganda! Figo inayovuja hupoteza pia antitrombini, protini inayozuia damu kuganda, huku ini likizidisha zile zinazoigandisha. Bonge lilikuwa tokeo, si chanzo.

Walibaki wale ambao figo zao hazikuvuja. Hao waliandikiwa "sababu haijulikani", maneno yaliyoeleza zaidi uchache wa vipimo vya siku hizo kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 1965 Olav Egeberg wa Norway alieleza ukoo uliorithi upungufu wa antitrombini. Mwaka 1994 watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakatambua kasoro ya kurithi katika protini iitwayo fakta ya tano. Kundi la wasio na sababu likapungua, ingawa halijaisha.

Mwenye mkojo wa povu lisilokoma na miguu iliyovimba, akishikwa ghafla na maumivu ya ubavuni au akikojoa damu, awahi hospitali. Huenda vena ya figo imezibwa na bonge, nalo likikatika huweza kusafiri hadi kuziba mishipa ya mapafu.