Njia ya Ngomeni Kwenda Shimo Jeusi

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, unavuka mto Sabaki, na ukifika Gongoni unakata kulia kuelekea baharini. Mashamba ya chumvi yanang'aa hadi macho yanauma. Mbele ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi cha kaunti ya Kilifi, na ndani ya Ghuba ya Ungwana miguu ya chuma ya jukwaa la San Marco ingali imesimama majini.

Hapo, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya Marekani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina hilo: Uhuru. Ilipima eksirei za angani, na ikaonyesha kwamba mwanga wa chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hupanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo; ndipo Cygnus X-1 ikashukiwa kuwa shimo jeusi.

Agosti 1972, katika shule ya fizikia ya Les Houches, Ufaransa, Herbert Gursky alifundisha yaliyoonwa na Uhuru. Palepale wanafizikia Bardeen, Carter na Hawking waliandika kanuni nne za mashimo meusi, zinazofanana mno na kanuni za joto. Hawking alikwisha kuthibitisha kuwa eneo la upeo, mpaka ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi, halipungui. Jacob Bekenstein, mwanafunzi wa Princeton, akasema eneo hilo huenda sambamba na entropia ya shimo: kipimo cha yote yaliyofichika ndani. Hawking alimkatalia, kwa kuwa chenye entropia sharti kiwe na joto, na chenye joto hutoa mnururisho. Mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zikampa Bekenstein haki. Kwangu huo ndio ujasiri wa sayansi, na watoto wa Kilifi wanastahili kujua kwamba sura yake moja ilianzia kwao.

Tarehe 14 Januari 2025 mitambo ya LIGO ilinasa mawimbi ya mvutano ya mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana. Nyuso zao kwa pamoja zilikuwa kama kilomita za mraba 240,000, ukubwa wa Uganda. Shimo lililozaliwa lina takriban 400,000, kuipita Zimbabwe. Sehemu ya uzito ilipotea kwa mawimbi, lakini eneo likaongezeka, kama Hawking alivyosema.

Cygnus X-1 nayo ni baridi kuliko anga inayoizunguka. Inameza gesi ya nyota mwenzake, haitoi karibu chochote kwa joto lake, na upeo wake unazidi kutanuka.