Kutoka Yambuku hadi Kigali: Hospitali zilivyojifunza kuchambua wagonjwa mlangoni

Mgonjwa wa Ebola hafiki hospitali siku ya kwanza akivuja damu. Anafika na homa, kichwa kinamgonga, viungo vinauma, pengine anatapika. Kwa muuguzi wa ukanda huu, dalili hizo ni za malaria, na mara nyingi hakosei. Siku anapokosea, wa kwanza kulipa ni yeye mwenyewe na waliokaa benchi moja na mgonjwa huyo.

Ndivyo ilivyoanza Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo. Agosti 26, 1976, mwalimu wa shule ya misheni alichomwa sindano ya klorokwini akidhaniwa ana malaria. Homa ilishuka, kisha ikarudi kwa kishindo. Katika hospitali hiyo ya masista wa Kibelgiji, yenye vitanda 120, wauguzi walikabidhiwa kila asubuhi mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, bomba lilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Mwenye homa na mjamzito aliyekuja kliniki walichomwa kwa bomba lilelile.

Hospitali ilipofungwa Septemba 30, watumishi 11 kati ya 17 walikuwa wameshafariki. Mlipuko huo uliua watu 280 kati ya 318 walioambukizwa. Kufunga milango kulisaidia kuzima moto ambao hospitali yenyewe ilikuwa imeuchochea.

Mwaka 1995 hadithi ikajirudia Kikwit, kusini-magharibi mwa nchi hiyohiyo. Kati ya wagonjwa 315, takriban robo walikuwa watumishi wa afya. Virusi vilikuwa vimeshapewa jina miaka 19 nyuma, lakini pale mlangoni hakuna aliyevitarajia.

Aliyebadili mwenendo huo ni Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, Uganda. Mapema Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alipofika alichukua mafaili ya wagonjwa akakesha akiyasoma, akiyalinganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za kuvuja damu. Sampuli za damu zilipelekwa Afrika Kusini, lakini Lukwiya hakungoja majibu. Alitenga wodi, akachagua watumishi wa kuihudumia, akawavalisha glavu, barakoa na magauni, na kila mwenye dalili zinazofanana akahamishiwa huko. Majibu yalipothibitisha kuwa ni Ebola, wodi ilikuwa tayari inafanya kazi.

Ilikuwa kazi ya kujitoa mhanga. Watumishi zaidi ya kumi wa Lacor walikufa. Lukwiya mwenyewe inaaminika aliambukizwa alipokimbilia kumsaidia muuguzi mahututi, macho yake yakiwa hayajakingwa. Alifariki Desemba 5, 2000. Uganda ilihesabu wagonjwa 425 na vifo 224.

Mlipuko wa Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, uliofikisha wagonjwa zaidi ya 28,000, ulilazimisha kujibu swali gumu zaidi: ukishawatenga wanaohisiwa, utawalaza pamoja? Mwenye malaria akilazwa ubavuni mwa mwenye Ebola, anaweza kutoka na magonjwa mawili. Vituo vya matibabu viligawanywa kwa uzio: wanaohisiwa huku, waliothibitishwa kule. Mtumishi aliruhusiwa kutoka kwa wanaohisiwa kwenda kwa waliothibitishwa, na marufuku kurudi kinyume. Asiyekutwa na virusi lakini dalili zake zikiwa changa alipimwa tena baada ya saa 72, maana kipimo cha mapema huweza kudanganya.

Mlipuko ulipotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (Zaire ya zamani), Agosti 1, 2018, ujuzi huo ulikuwepo, na maabara za mji wa Beni jimboni humo zilitoa majibu ndani ya saa chache. Hata hivyo, watu wengi, watoto wakiwemo, waliambukizwa katika zahanati ndogo za mitaani, kulikokosekana mtu wa kuwachambua mlangoni. Mlipuko huo uliua watu 2,287. Lakini pia ulileta sababu mpya ya kuwahi: katika majaribio ya dawa yaliyofanyika huko, waliopewa dawa mbili bora wakiwa bado na virusi vichache mwilini walipona takriban tisa kati ya kumi. Moja ya dawa hizo ilitokana na kingamwili za manusura wa Kikwit.

Septemba 2024 Rwanda ikatangaza Marburg, ndugu wa Ebola. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa na malaria kweli, na jibu hilo likafunga maswali mengine. Wengi wa wagonjwa 66 walikuwa watumishi wa afya. Nchi ilijipanga haraka na vifo vikaishia 15, kiwango cha chini mno kwa ugonjwa huo, lakini watumishi walikuwa wameambukizwa kabla tangazo halijatolewa.

Hapo ndipo penye somo. Mahema na uzio huja baada ya ugonjwa kujulikana, ilhali watumishi huambukizwa katika wiki zinazotangulia. Lukwiya alifaulu kwa sababu alitenga kwanza, jina likafuata. Muuguzi wa mapokezi anayeuliza kila siku, hata pasipo mlipuko, “Umemuuguza nani? Umemzika nani? Umetoka wapi?” anahitaji pia chumba cha pembeni cha kumweka mwenye majibu ya kutia shaka, na glavu za kutosha, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha mistari miwili.