Mshigi zambarau

Mshigi zambarau (Granatina ianthinogaster) ni ndege mdogo wa familia ya Estrildidae, mwenye urefu wa sentimita 13 hivi. Anaishi katika nchi kavu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia na Somalia hadi katikati ya Tanzania. Mkoani Singida ni ndege wa vichaka vya migunga. Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege kutoka Ujerumani, alimweleza kisayansi mwaka 1879.

Dume ana kichwa cha rangi ya mdalasini, mdomo mwekundu na buluu kuzunguka macho. Tumbo lake ni zambarau iliyokolea, lenye mabaka ya hudhurungi yanayotofautiana dume kwa dume. Jike ni kahawia, ana madoa meupe tumboni na buluu hafifu machoni. Wengi humpita bila kumtazama, nao hukosa mengi: akiwa karibu, juani, ule wekundu wa mdomo wake haupungui hata kidogo mbele ya ule wa dume.

Hutembea wawili wawili, wakiokota mbegu za nyasi ardhini pamoja na mchwa na wadudu wengine. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na ndizo zinazoleta mbegu na wadudu wa kulishia makinda. Kiota ni duara la nyasi kichakani, lenye mlango ubavuni na manyoya ndani. Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida 3 hadi 5.

Ajabu kubwa ya maisha yake ni fumbwe mwenye mkia mrefu wa rangi ya majani makavu (Vidua fischeri). Fumbwe huyu hajengi kiota. Hutaga katika kiota cha mshigi. Kinda lake likifungua kinywa huonyesha alama zinazofanana na za makinda ya mwenyeji, na wazazi hulilisha bila kubagua. Tofauti na makinda ya kekeo wengi, haliwaui wenzake. Hukua pamoja nao. Mjerumani Jürgen Nicolai alieleza mwaka 1964 jinsi dume la fumbwe linavyoiga sauti za mshigi aliyelilea. Jike la fumbwe, lililokulia katika kiota cha namna hiyohiyo, huvutwa na wimbo huo. Kwa hiyo vichaka vya migunga vinapofyekwa, mshigi hukosa pa kujenga na fumbwe hukosa mlezi.