Printa inamtii nani?

Wadau, leo tuzungumzie printa. Najua kuna watakaosema huyu bwana kaishiwa habari, lakini vumilieni. Kuna siku kioo kidogo cha printa ya ofisini huandika kwamba toleo jipya la programu limetoka, ukubali au ukatae. Wengi tunabonyeza "ndiyo" ili kazi iendelee. Programu hiyo haiko kwenye kompyuta yako. Inakaa ndani ya printa yenyewe, na mafundi wanaiita femuwea. Ndiyo inayoamua karatasi ivutwe lini na wino upi ukubaliwe. Je, nani mwenye haki ya kuibadilisha?

Ugomvi huu ni wa zamani. Mnamo 1980 maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilikuwa imepewa printa ya leza na kampuni ya Xerox. Karatasi ilikuwa ikikwama mara kwa mara, na watu walioketi mbali hawakujua. Kwa printa ya zamani, kijana aitwaye Richard Stallman alishabadilisha programu iliyoiendesha: karatasi ikikwama, wenye kazi wanapata ujumbe. Safari hii Xerox haikutoa msimbo wa programu. Stallman akamfuata mtu wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akaambiwa, samahani, nimeahidi kutompa mtu. Hasira ile haikuisha. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao kazi yake imo katika mifumo mingi ya Linux hadi leo. Yote hayo kwa karatasi iliyokwama!

Mwaka 2011 mambo yakageuka. Ang Cui na Salvatore Stolfo wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba baadhi ya printa za HP LaserJet zilipokea femuwea mpya kama kazi ya kawaida ya kuchapa, bila kukagua saini ya mtengenezaji. Ukichapa hati yenye hila, printa inakuwa ya aliyeitengeneza hati hiyo, pamoja na kila mkataba na orodha ya mishahara itakayopita humo. HP ikatoa matoleo ya kuziba pengo. Asiyesasisha alijiweka hatarini.

Halafu ikaja tarehe 13 Septemba 2016. Printa nyingi za HP OfficeJet zikaanza, siku hiyohiyo, kukataa katriji za makampuni mengine zilizokuwa zikifanya kazi jana yake. Amri ilikuwa imekaa ndani ya femuwea ikisubiri tarehe. Kelele zikapigwa, HP ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ikatoa toleo la kuiondoa amri hiyo. Mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi Marekani.

Kwa maoni yangu ubaya uko hapa: kinga na kufuli vinapitia mlango mmoja. Ukikataa toleo, wezi wanakusubiri. Ukikubali, wino wa bei nafuu unaweza kugoma. Na HP haijaacha. Maelezo ya printa zake nyingi sasa yanasema wazi kwamba matoleo yajayo yanaweza kuzuia katriji zinazokubaliwa leo.